Picha Ipi Ibaki, Ipi Itoke: Kuchagua Picha za Mwisho za Wakulima wa Mwani wa Mlingotini

Tuseme umewapiga picha akina mama wa mwani wa Mlingotini kwa mwaka mzima, kusi na kaskazi. Kompyuta ina faili elfu nne, na ukuta uliopewa kwa maonyesho una mita sita. Fremu yenye upana wa sentimita 40, ukiacha sentimita 20 kati ya moja na nyingine, inakupa nafasi ya picha kumi, basi. Hapo ndipo vijana wengi wa kamera hapa Bagamoyo wanapokwama, na wengi huishia kuzitoa zile kumi zilizopendwa zaidi kwenye simu.

Nimekaa na wapigapicha kadhaa wakichambua kazi za namna hii, na yangu pia nimeichambua. Ninalinganisha mbili mbili kwa sababu picha zikitandazwa mkekani mambo huwa hivyo: umeshika picha hii mkono wa kulia, ile wa kushoto, na nafasi ni moja. Kwa kila picha nauliza maswali mawili. Inafanya kazi gani ikikaa na nyingine? Na mwenye sura yake anaweza kuishi nayo hapo kijijini? Uzuri unakuja wa tatu, na wapo watakaonibishia.

Skrini au karatasi

Kwa mchujo wa kwanza skrini haina mpinzani. Programu kama Lightroom inakuwezesha kuipa kila picha nyota, moja mpaka tano, na kwa jioni chache umeshaziondoa zilizotikisika, za watu waliofumba macho, na zile ishirini za mama yuleyule akiinamia kamba ileile. Hakuna haja ya kulipia karatasi kwa picha ambazo hata wewe huzitaki.

Tatizo ni kwamba skrini inakuonyesha picha moja moja, kila moja iking'aa, na picha ikiwa peke yake hujitetea vizuri mno. Ukibakiwa na kama mia mbili, funga kompyuta. Nenda studio mjini uzisafishe saizi ya postikadi, uzitandaze mkekani. Kama mfuko hauruhusu, stesheneri yoyote itakuchapia picha kumi na mbili kwenye karatasi moja ya A4; zikate kwa mkasi. Rangi zitatoka mbovu, lakini wakati huo hutafuti rangi. Unatafuta mapengo. Mkeka ndio utakaokwambia kwamba una migongo mingi kuliko nyuso, kwamba hakuna hata tone la mvua katika kazi ya mwaka mzima, na kwamba mbingu zako zote ni za saa kumi na mbili, ya asubuhi au ya jioni.

Hilo la mwisho ni zito kuliko linavyoonekana, kwa hiyo nitalikalia.

Jua la kupendeza au jua la kazi

Shamba la mwani haliendewi mtu anapojisikia. Linaendewa maji yakipwa sana, siku za bamvua, na kwenye pwani yetu bamvua likipwa mchana huwa ni kuanzia kama saa tatu mpaka kuelekea saa sita. Yaani mama anafunga mbegu, anabana kamba na kuvuna jua likiwa juu ya utosi. Ndilo jua ambalo mafunzo yote ya upigaji picha yanakukataza: vivuli vyeusi chini ya macho, maji yanayochoma lenzi, anga iliyofifia.

Sasa weka picha mbili. Ya kwanza, mama amesimama ufukweni na rundo la mwani mbichi linalomfika kiunoni, jua linazama, kila kitu ni dhahabu. Ya pili, mama huyohuyo saa tano mchana, maji ya magotini, amekunja uso kwa mwanga, kivuli chake kifupi kimelala miguuni kama kitambaa kilichodondoka. Mpigapicha ataitetea ya kwanza kwa nguvu zote. Muulize ilikuwaje mama akawa pwani saa ile na mwani wake wote, naye atakiri kwamba alimwomba asubiri jua lishuke.

Ningechukua ya pili. Ile ya jua la jioni inaweza kwenda kwenye kalenda, na si dhambi. Lakini katika mradi unaosema "hivi ndivyo watu hawa wanavyoishi", kumsimamisha mtu kwenye saa isiyo yake ni kumpangia maisha. Ikiwa moyo unakuuma, weka picha moja ya mapambazuko ambayo ni ya kweli: akina mama wakitembea na kamba mabegani, au wakisubiri maji yatoke.

Rundo au mizani

Rundo lile lina tatizo la pili. Mwani ukikauka hubaki na sehemu ndogo tu ya uzito uliotoka nao baharini, na mnunuzi analipa kilo ya mwani mkavu. Kwa hiyo mtu wa Dodoma asiyewahi kuuona mwani, akikutana na rundo la kiunoni ukutani, ataondoka akiamini mama yule amevuna utajiri.

Katika kazi hizi mara nyingi kuna picha nyingine ambayo mpigapicha ameipa nyota mbili akaisahau. Niliyonayo kichwani ilipigwa ndani ya banda lenye giza: mizani ya kuning'iniza, kiroba kimoja, mnunuzi anatazama mshale, mama anamtazama mnunuzi. Mkono wa mtu mwingine umeingia pembeni na kuziba karibu robo ya fremu. Kuna punje zile ambazo kamera huzitia kwenye picha ikipigwa gizani. Ukiiweka peke yake kwenye skrini, unaipita. Ukiiweka mkekani mkabala na lile rundo, rundo linanywea palepale. Zote mbili zikipata nafasi, zining'inie zikifuatana, rundo kwanza. Nafasi ikiwa moja, mizani ibaki na ule mkono wake mbaya. Wala usiukate. Ukipunguza fremu ili kuuondoa, unamwondoa na mama, kwa sababu amesimama nyuma yake.

Hapa pia ndipo misimu inapoingia. Mwani aina ya kotonii una bei nzuri kuliko spinosamu, ila hauvumilii maji ya moto. Kaskazi ikishika na bahari ikapata joto, unakuwa mweupe, unalainika na kukatika kambani. Kama una picha ya kamba ya wakati wa kusi, imenenepa na kujaa, na nyingine ya kamba kama hiyo wakati wa kaskazi, ina vipande vitatu vilivyopauka, basi una jozi ambayo haihitaji maelezo marefu. Kila moja kivyake ni picha ya kawaida sana, na mhariri yeyote angeitupa. Zikikaa ubavu kwa ubavu zinaeleza kwa nini wengine wamehamia spinosamu yenye bei ndogo, na kwa nini wengine wanataka kwenda kulima maji ya kina kirefu, ambako unahitaji chombo na kujua kuogelea.

Mikono au uso

Kila mradi wa watu wa kazi una picha za mikono. Vidole vilivyochanika kwa chumvi, kucha iliyovunjika, kikamba kinachozunguka mche wa mwani. Ni picha rahisi kupenda. Nilishuhudia moja ikitandazwa mbele ya wenyewe. Bibi mmoja akaiinua karibu na macho, akasema, "Hii pete ya Mwanahawa." Mwanahawa mwenyewe (jina si lake) akaitazama, kisha akamgeukia kijana wa kamera: "Mwanangu, na uso wangu umeuacha wapi?"

Kwa mgeni, mikono ni alama ya kazi kwa jumla. Kwa wenye kijiji, ni ya mtu aliyekatwa kichwa. Simaanishi ziondoke zote. Mfuatano unahitaji pumziko kati ya nyuso, na fundo la kufungia mwani haliwezi kuonekana ukiwa mita tano. Ila ukilinganisha fremu ya mikono mitupu na ile ambayo uso uko nyuma, hata kama umefifia kidogo, chukua yenye uso. Mikono mitupu iwe moja tu katika picha kumi, na jina la mwenye mikono liandikwe chini yake akiridhia.

Rangi au nyeusi na nyeupe

Nyeusi na nyeupe inasamehe mengi. Jua lile la saa tano, linalovuruga rangi, likiondolewa rangi linakuwa na nguvu. Pia inaunganisha picha zilizopigwa kwa kamera tofauti na siku tofauti, na kwa mtu mwenye faili zilizopigwa kwa simu na kamera mchanganyiko hiyo ni nafuu kubwa.

Kwa mwani, hata hivyo, unapoteza habari. Mwani mzima una kijani, kahawia na wekundu, mgonjwa umepauka. Ile jozi ya kusi na kaskazi ikitolewa rangi inakuwa kamba mbili tu, moja nene na moja nyembamba. Nami sishauri kuchanganya, picha saba za rangi na tatu zisizo na rangi, isipokuwa una sababu unayoweza kumweleza mtoto akaielewa. Chagua moja, uende nayo mpaka mwisho. Kwa mradi huu ni rangi.

Rangi inakuja na kanga, na kanga ina maneno.

Mhariri wa mbali akiona picha ya mama aliyejitanda kanga nyekundu nyuma ya kamba za mwani, anaona doa zuri jekundu. Mtu wa pwani hata hajaona mwani bado, ameshasoma: "Hasidi hana sababu." Kisha anatazama nani yuko nyuma katika picha hiyohiyo, amefifia, anapita na ndoo yake. Kama wawili hao hawasemeshani, na kijiji kizima kinajua, basi umetundika ukutani kijembe ambacho mwenyewe hakukusudia, au alikikusudia kwa siku ile tu. Nimeona picha mbili za mama mmoja zikiwekwa sawa, moja bora kwa kila kigezo cha kamera, nyingine ya kawaida ambamo pindo la kanga limejikunja na maneno hayasomeki. Waliochagua kwenye skrini walichukua ya kwanza. Mkekani, mbele ya wenye kijiji, ya kwanza haikumaliza dakika tano. Soma kila kanga kabla hujapitisha picha. Kama wewe si wa pwani, tafuta wa kukusomea na wa kukueleza.

Nani achague

Njia ni tatu: peke yako, na mhariri, au na wenyewe. Mpigapicha akiwa peke yake hawezi kusahau jasho lake. Picha aliyoipata baada ya kuanguka majini na kamera anaipenda kuliko inavyostahili, wakati mtazamaji hajui habari za kuanguka. Mhariri anatibu hilo, hasa asiyekuwepo siku ya kupiga. Kazi yake ni kuwa mkatili. Mpigapicha Mswisi Robert Frank alizunguka Marekani miaka ya 1955 na 1956, akapiga zaidi ya picha 27,000, na kitabu chake kikatoka na 83. Hesabu hiyo huwa nawapa vijana wanaolia kwamba kumi ni chache.

Mhariri naye, hasa wa mji mwingine, ana ugonjwa wake: anapenda picha inayofanana na picha nyingine alizokwisha kuzipenda. Mama aliyeinama, mtoto mwenye macho makubwa, mtu mmoja kwenye upana wa bahari. Mfano wa hatari hiyo ni maarufu. Mwaka 1936, huko Nipomo, California, mpigapicha Dorothea Lange alimpiga picha mama mmoja na wanawe kambini mwa vibarua wa mashambani. Alipiga picha kadhaa. Katika nyingine linaonekana hema lote na binti mkubwa ameketi kitini. Iliyochaguliwa na dunia ni ile ya karibu, mama na watoto waliogeuza nyuso, hema halionekani tena. Ndiyo yenye nguvu, sibishi. Lakini jina la mama, Florence Owens Thompson, lilikuja kujulikana kwa watu mwaka 1978, naye alisema anatamani asingepigwa picha, na kwamba hakupata hata senti kwa picha ile. Picha ilipendwa na kila mtu isipokuwa aliyemo.

Basi tuwaachie wenyewe? Hapana, si moja kwa moja. Ukiwatandazia akina mama picha mia moja, utajua mara moja nini hawapendi, na hapo wasikilizwe bila mjadala. Cha kwanza ni stara. Mwani ni kazi ya maji, nguo zinaloa na kugandamana na mwili. Mtu aliyemo majini na wenzake hajali. Ukutani mbele ya mkwe wake ni habari nyingine. Picha ya namna hiyo inatoka hata kama ndiyo bora kuliko zote, na haihitaji kura. Kuna na sheria nyuma yake: Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika Mei 1, 2023, na sura inayotambulika ni taarifa ya mtu. Kwa watoto, mzazi ndiye wa kuulizwa, na aulizwe kuhusu picha ile mahususi, akiwa ameishika mkononi. Ruhusa ya jumla aliyoitoa siku ya kwanza, wakati hajui utapiga nini, usiitegemee.

Ila katika kile wanachokipenda, wenyewe wanachagua kwa macho ya albamu ya nyumbani. Watapenda picha ya kikundi, safu mbili, mwenyekiti katikati, nguo za sikukuu, hakuna anayecheka. Watakataa mizani kwa sababu banda ni chafu. Watakataa kamba iliyopauka kwa sababu, kama alivyosema mmoja wao, "Watu watadhani hatujui kulima." Hoja yake ina uzito, na jibu lake ni maelezo mazuri chini ya picha yanayotaja joto la bahari, siyo kuiondoa picha. Aelezwe hivyo, asomewe maelezo yenyewe, na mara nyingi ataikubali.

Ninachofanya ni kugawa madaraka. Wenyewe wana haki ya kukataa picha yoyote ambayo wamo. Mhariri ana haki ya kusema picha hii ni dhaifu au inarudia ile. Mpangilio wa mwisho ni wa mpigapicha, na lawama zote ni zake. Fuata utaratibu huo pia: wenyewe waone kabla ya mhariri. Ukienda kwa mhariri kwanza, utarudi kijijini umeshazipenda kumi zako, na utaanza kubembeleza watu.

Ile picha ya kikundi, wasafishie kubwa na uwapelekee waipige fremu ofisini kwao. Ukutani kwako si lazima iwepo. Wengine wanaiweka ya mwisho, na nimeona inafaa: baada ya picha tisa za watu walioinama, watu wamesimama wima na kukutazama.

Mlango wa kuchongwa

Nitaigusa tu, maana jibu ni fupi. Kila anayepiga picha Bagamoyo anataka kuanza na mlango wa kuchongwa, Ngome Kongwe, au magofu ya Kaole, ambayo kweli yako njiani kuelekea Mlingotini. Mji huu ulikuwa makao makuu ya Wajerumani mpaka 1891, na mawe yake yamepigwa picha kuliko watu wake. Ukilinganisha mlango wa kuchongwa na mlango wa bati wa banda la kukaushia mwani kama picha ya kufungulia, wa bati unashinda, kwa sababu mama wa mwani anapita huo kila siku. Isipokuwa kama una picha ambayo kiroba cha mwani kimeegemea ukuta wa zamani kikiwa hapo chenyewe.

Kumi au thelathini

Idadi inategemea inakoenda. Mashindano ya World Press Photo, kwa kanuni zake za miaka ya karibuni, yanataka picha 4 mpaka 10 kwa hadithi, na 24 mpaka 30 kwa mradi wa muda mrefu. Ukiwa na thelathini unaweza kumudu picha tulivu: jiko, vikamba vilivyokatwa vikisubiri, uchanja mtupu baada ya mauzo. Kwenye kumi, kila moja lazima ibebe kitu ambacho tisa hazina. Jaribio langu ni kuigeuza moja kifudifudi na kuuliza mtu wa pembeni hadithi imepungukiwa na nini. Akikosa jibu, ibaki kifudifudi.

Mbili zikilingana kabisa, angalia ipi ina mtu ambaye hajatokea kwingine. Katika kazi za vikundi, mwenyekiti na yule mama mcheshi anayependa kamera huwa wametokea mara nne nne, na kuna mtu ameenda shambani kila bamvua bila kuonekana hata kisogo. Pitia orodha ya kikundi jina kwa jina ukiwa na picha mkononi. Zilizotoka usizifute: ziandike tarehe, mahali, aina ya mwani na majina ya waliomo, ziweke kwenye diski mbili zinazokaa nyumba tofauti. Na zile karatasi za saizi ya postikadi wape wenyewe, isipokuwa za stara, ambazo unamkabidhi mhusika peke yake mkononi.